Nchi Iliyomchumbia Léonie Bila Kubisha Hodi

Kamina, mtaa wa reli,
wiki ya kupalilia mahindi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uhamiaji

YAH: PINGAMIZI LA BABA KUHUSU KUTWALIWA KWA BINTI YAKE KUWA MKAZI WA KUDUMU

Mheshimiwa,

Pokea salamu za mtu ambaye hukumuuliza chochote. Sisi huku hatujambo, mvua zimeshika vizuri, na hata magugu yanakusalimia.

Naitwa Kabamba Florent, mstaafu wa reli, baba wa Léonie Mwila. Huyu Léonie ni yule fundi wa kuchomelea vyuma ambaye wizara yako ilimwandikia kwamba amefaulu: ana pointi za kutosha, ni mfanyakazi stadi kutoka nje, na ameruhusiwa kuja kwenu akae daima. Mlimpongeza yeye. Mimi sikupongezwa, sikusalimiwa, wala sikuulizwa kama ninaye mwingine wa kunichomelea jembe. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Utaona kwamba jina la nchi yako silitaji. Si kwamba nimelisahau. Kwetu mtu halitaji ovyo jina la mkwe wake, na wewe, kwa kumtwaa binti wa watu moja kwa moja, umekwisha kuwa mkwe upende usipende. Tena mkwe wa hovyo. Malalamiko nimeyapanga kwa namba, kwa kuwa nasikia huko kwenu hata mtu hupimwa kwa namba.

1. Uliingia dirishani. Kwetu anayemtaka mtoto wa watu hutuma mshenga. Mshenga huja na kuku au chupa ya kinywaji, hubisha hodi, huketi kwenye kiti kibovu tunachompa makusudi, na husema mambo ya mvua kwa muda mrefu kabla ya kusema alilojia. Wewe ulituma ujumbe kwenye simu, tena ukamtumia bibi harusi mwenyewe! Ujumbe wako ulimkuta amelala chini ya tela la trekta, kinyago usoni, cheche zinaruka. Akapiga ukelele. Mimi nilidhani ameungua, nikakimbia na ndoo ya maji nikammwagia yote. "Papa, haiko moto, iko furaha!" alisema, huku akitweta na kutiririka maji mbele ya wateja. Hivyo ndivyo nilivyopata habari za posa yako, Mheshimiwa, nikiwa na ndoo tupu mkononi na mtoto mzima amelowa. Mshenga mmoja tu angetuepusha na aibu hiyo.

2. Ulimkagua kama mnyama wa mnadani. Ulimpeleka mpaka Lubumbashi apigwe picha ya kifua. Ukataka damu. Ukataka mkojo. Ukataka alama za vidole vyote, kana kwamba ameiba kitu ambacho bado hamjakigundua. Dada yangu Lise, ambaye ndiye shangazi wa binti na mwenye neno la mwisho katika mambo ya posa, aliposikia habari ya mkojo alivua kiatu akakiweka mezani, jambo ambalo hulifanya akikasirika sana. "Hata ngombe, bantu banauzaka pasipo kuuliza mukojo yake," alisema. Sina la kuongeza.

Ila nina la kuongeza kuhusu umri. Mlimpunguzia pointi kwa sababu amevuka miaka thelathini. Alipata kuja hapa mwanajeshi mmoja wa Base, ile kambi ya jeshi, jina lake Esdras, mwenyewe ana mvi hadi kwenye nyusi, akataka kumwoa. Katika maneno yake akasema kwamba yeye hajali kuwa binti amekomaa kidogo. Alitolewa nje na Lise kwa mwiko wa bukari, ugali wetu, ukiwa bado na bukari. Huyo alisema kwa mdomo, akiwa na nia ya kusifu. Ninyi mmeandika, mkapiga hesabu, mkaweka na mhuri.

3. Mlimpima Kifaransa. Hili lilinichekesha kwanza, kisha likaniudhi. Lugha ile sisi hatukuiomba. Ililetwa hapa pamoja na reli, na mapadri waliitia katika vichwa vya babu zangu kwa fimbo. Leo mnatutaka tulipie mtihani ili tuthibitishe kwamba fimbo zile ziliingia sawasawa. Na mtihani wenyewe ulimuuliza nini fundi wa vyuma? Habari za bibi mmoja aliyepoteza mbwa wake bustanini, mbwa aliyekuwa amevaa koti. Léonie alijibu vizuri yote, lakini aliniambia kwamba muda wote alikuwa akijiuliza ni nani aliyemvalisha mbwa koti na kwa nini hajakamatwa.

Kisha mkasema cheti hicho kitakufa baada ya miaka miwili. Je, lugha huoza? Samaki wa Lualaba akikaushwa vizuri huchelewa kuharibika kuliko vyeti vyenu. Kwa hiyo mimi nakuandikia Kiswahili, na kama huna cheti cha Kiswahili, nenda kafanye mtihani kabla hujaendelea kusoma.

4. Mmemwita "stadi" bila kuona kazi yake. Hapa kwetu fundi hapewi jina hilo kwa karatasi. Geti likikamilika, mwenye geti hulidandia akaning'inia, na watoto wake humshika miguu. Geti likikaa, fundi ni fundi. Likianguka, tunawacheka wote wawili. Geti la parokia Léonie alipolimaliza, padri mwenyewe alilidandia na kanzu yake, mwili ule unaoufahamu wa watu wanaoalikwa kila nyumba kula. Geti halikulia hata kidogo. "Geti hii iko nguvu kupita imani yenu," alituambia, na Jumapili iliyofuata akahubiri neno hilohilo. Sasa nani kwenu aliyening'inia? Waziri, wewe ulining'inia wapi?

Na niseme wazi, maana kuzungukazunguka si tabia yangu. Nchi yako ina barabara zinazong'aa na mbwa wenye makoti, lakini haina wa kuunga vyuma viwili. Watoto wako mliwalea wasichafue mikono, nao wametii. Wakati huo sisi tulikuwa tunamlea huyu: tunakesha naye kwa malaria, tunamlisha bukari na sombe ya majani ya muhogo, tunamsomesha shule ya ufundi huku jirani zetu wakituuliza kama tumerogwa kumtia msichana katika moto. Matunda yalipoiva ndipo mkapita barabarani mkayaona. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, Mheshimiwa. Ninyi mlilea nini?

5. Mmemvunjia heshima mke wangu. Hili ndilo kubwa, na mengine yote ungeweza kuyaita hasira za mzee. Kwetu ukwe tunauita buko, mkwe tunamwita muko, na buko ina haya yake: mkwe wa kiume na mama wa binti hawatazamani machoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupinda kando. Nawe unajua fika kwamba umemchukua binti. Basi yule bwana wa karakana itakayomwajiri akapiga simu ya picha, eti aisalimu familia. Uso mzima! Uso mwekundu, unacheka, umejaa kioo chote cha simu, na Léonie kwa furaha yake akaielekeza simu ile kwa mama yake.

Marie-Thérèse alijifunika kitenge kichwani akakimbilia kwenye mahindi. Alikaa humo mpaka jua likashuka. Nilipomfuata aliniuliza, "Ule njo muko wetu? Mimi nitamuangalia na macho gani?" Tangu siku hiyo hawezi kuona kitu chochote cha kwenu. Kalenda ya milima yenu tumeigeuza iangalie ukuta, kwa hiyo hatujui tarehe. Redio ikianza habari zenu hutoka nje. Kanisani padri aliombea mataifa, akafika kwenye taifa lako, na mke wangu akaanguka katika kikohozi ambacho kiliponywa tu na taifa lililofuata. Mtu aliyezaa watoto saba bila kulia sasa analikimbia bara zima.

Haya hiyo ina dawa, nayo ni mbuzi. Mkwe huleta mbuzi kwa mama mkwe, haya inafunguka, watu wanasalimiana. Nasikia mbuzi wa kwenu wana vitambulisho na daktari wao. Sawa, huyo ndiye tunayemtaka, aje na vitambulisho vyake vyote. Mkono mtupu haulambwi.

6. Neno "kudumu". Mmemwambia ni mkazi wa kudumu, kisha mkamwambia kadi yake itaisha baada ya miaka mitano na aombe nyingine. Hapa Kamina mkazi wa kudumu ni yule aliyezikwa. Wengine wote tunapita, na hatudanganyani.

Kwa sababu hizo, Mheshimiwa, ndoa hii siitambui, na Léonie haendi. Nimemwambia, na mlango nimeufunga kwa komeo alilolichomelea mwenyewe, kwa hiyo anajua halifunguki. Kama bado mnamtaka, kuna njia moja. Mkwe wa kweli huja kumlimia baba mkwe. Njoo wewe na mawaziri wenzako, mlime shamba langu lililo njia ya Luena kwa msimu mmoja, nami nitawapa pointi. Nitatoa pointi za umri, na naogopa kwamba wengi wenu mtakosa. Nitatoa pointi za uzoefu wa jembe, mkileta barua kutoka kwa majembe mliyowahi kuyashika. Mtafanya mtihani wa Kiluba juu ya mzee mmoja aliyepoteza mbuzi wake Bukama, mbuzi asiye na koti. Picha za vifua vyenu mtapiga kwa gharama zenu, na Lise atazitazama akiziinua juani. Atakayefaulu nitampa ukwe wa kudumu, utakaoisha baada ya miaka mitano.

Mkikataa, basi sheria ya mababu iko wazi, na usije ukasema hukuonywa. Mtoto aliyezaliwa katika ndoa isiyolipiwa mahari ni wa ukoo wa mama. Kwa hiyo chochote Léonie atakachokizaa kwa mikono yake huko kwenu ni chetu. Akichomelea daraja, daraja ni letu. Akichomelea meli, ni yetu, na tutaomba izingatie kwamba Kamina haina bahari. Tutatuma mjomba aje kuchukua. Atafika bila kubisha hodi, kwa ujumbe wa simu, na atataka kwanza mkojo wa daraja. Mla mbuzi hulipa ng'ombe, na ninyi hamjalipa hata mbuzi.

Nasubiri jibu lako, lisiwe lile la mashine linalosema tafadhali usijibu.

Nisalimie Baraza lote la Mawaziri, wakaguzi wa vifua na mkojo, bibi aliyepoteza mbwa, na mbwa kama alipatikana. Bwana wa karakana msalimie pia, ila mwambie ageuze uso.

Wako katika buko isiyotambuliwa,

Kabamba Florent
Baba

N.B. Barua hii ilichelewa kutumwa. Nilitaka kuirekebisha sehemu ya komeo, kwa sababu komeo nimelifungua. Léonie ameondoka leo asubuhi kwa treni ya Lubumbashi. Sanduku nimelibeba mimi, na mtu asikwambie kwamba nililia; nilikuwa natazama kama mabehewa yameungwa sawa, ni mazoea ya kazi.

Siku ya kumtoa binti, baba huwaambia wakwe mambo wasiyoyajua. Kwenye stesheni hakuwapo mtu wa kwenu wa kuambiwa, basi nakuambia hapa. Akiugua hasemi. Mtajua kwa sababu ataanza kufagia. Macho yakimuuma baada ya kazi, mkatieni vipande vya kiazi kibichi mmwekee juu, naye atasema hahitaji, msimsikilize. Kanisani huimba kwa nguvu na sauti haimtii, wala msimcheke, maana akichekwa hunyamaza hadi mwezi. Asubuhi msimsemeshe kabla hajanywa chai. Giza haliogopi, lakini nyumba yenye kimya humtesa, kwa kuwa hakulelewa ndani yake.

Na siku mtakapochoka naye, msimfokee, msimtoe nje katika baridi ile. Mrudisheni kwetu kama alivyo. Hatutadai kitu.