Gari Lako la Kimya na Misitu ya Mnero

Mnero, Nachingwea.

Kwa Mwalimu Maximilian,
mkwe wangu mpendwa, Ruangwa.

Tumsifu Yesu Kristo.

YAH: OMBI LA KURUDISHA PIKAPU YA ZAMANI KWA FAIDA YA MAZINGIRA

Sisi huku wazima, ila roho yangu haijatulia tangu ununue hilo gari la haibridi. Nakuandikia kwa heshima zote zinazomstahili mume wa binti yangu Edina. Sikatai, ulitueleza vizuri: linatumia mafuta na umeme, moshi wake kidogo, linatunza mazingira. Nami nimelipima jambo hili pande zote, nikaona mazingira yanakwisha.

1. Gari halina sauti. Pikapu yako tuliisikia tangu ikiwa mtoni, mama mkwe wako Lusiana akapata nafasi ya kujitanda kanga na kukupisha, maana mkwe na mama mkwe hawakutani hivi hivi. Jumamosi iliyopita ukatokea uani kama paka. Mama wa watu kakimbilia kwenye migomba! Mimi ukanikuta chini ya mkorosho na kibuyu cha uraka, pombe ya mabibo ambayo daktari amenikataza na mke wangu amenikataza zaidi. Ukaniamkia kwa sauti ya mwalimu wa zamu, mpaka mama mkwe wako akasahau kujificha, akaja kutazama. Leo kibuyu changu kinatunza mbegu za maboga. Imeniuma sana.

2. Mafuta. Zamani ulikuja mara moja kwa mwezi, tena ukilalamikia bei ya petroli. Sasa kwa kuwa gari linakula kidogo, uko hapa kila Jumamosi. Hebu niambie, wewe unayefundisha jiografia, moshi umepungua wapi?

3. Kuku. Mkwe hapewi mchicha. Ukija anachinjwa kuku, kuku anapikwa kwa mkaa, na mkaa ni miti. Kwa mwendo huu Nachingwea yote itakuwa jangwa, wajukuu watauliza nani kamaliza msitu, nasi itabidi tuwaambie ni baba yao na gari lake la kutunza mazingira. Jogoo amebaki mmoja, analala juu ya paa. Hata yeye halisikii likija.

4. Betri. Siku ikifa utaipeleka wapi? Redio mbovu umeleta kwangu, godoro bovu umeleta kwangu. Najua betri nayo itazikwa shambani kwangu, na korosho zangu zitaanza kutoa cheche. Mnunuzi gani atazitaka?

Kwa hayo machache, nakuomba uliuze gari hilo haraka, urudi kwenye pikapu yako yenye moshi, ili huku tupate hewa safi.

Msalimie sana Edina, wajukuu wote, mwalimu mwenzako Tomasi, na jirani yenu Mzee Ausi, aliyelisifia gari bila kufikiria miti.

Ni mimi baba mkwe wako, mwenye uchungu na misitu,
Protasi.

N.B. Gari usiliuze kwanza. Nasikia kule Nanganga mabibo yameiva, na uraka wao mwaka huu usipime! Tatizo ni mama mkwe wako, anaijua milio ya bodaboda zote za hapa Mnero. Basi Jumamosi nipitie kwa njia ya nyuma, ya shambani, twende huko, na honi usiiguse. Utanikuta nimesimama hapo na kibuyu. Mbegu za maboga nimeshazimwaga.