Chini ya Meza ya Wakwe

Leo nimejivunjia heshima mbele ya wakwe wa dada yangu, na kazi hiyo nimeifanya nikiwa nimepiga magoti. Naandika mapema, ndugu zangu mlio mbali, kabla watu wa hapa kwetu Kashuga hawajawafikishia habari kwa namna yao. (Wataongeza chumvi. Haihitaji.)

Chanzo ni meza. Familia ya Elie, mchumba wa dada yangu Furaha, ilikuwa inakuja kwetu leo kuzungumza mahari. Baba yuko kazini Walikale na barabara imekatika kwa mvua. Mimi, mtoto mkubwa, niliachiwa jambo moja tu: kutafuta meza ya kupokelea wageni. Mama alitaka ya plastiki, inayooshwa kirahisi. Mimi nilitaka meza ya zamani ya mbao ya libuyu, mti wetu mgumu wa msituni, kama zile zilizobaki kwenye nyumba za wakoloni huko mashambani. Nilimweleza Mama kwamba meza ya namna hiyo inaonyesha nyumba ina historia. Akanijibu kwamba historia hailiwi. Lakini alikubali.

Shida ni kwamba siku hizi kila fundi ana meza "ya wakoloni". Ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa nyeusi vizuri, imepasuka kidogo kwenye pembe, inapendeza. Nikainusa. (Ndiyo, nimenusa meza kando ya barabara, watu wakiangalia.) Ilinuka moshi na majani ya chai. Ilikuwa mbao mpya iliyopakwa chai ili iwe nyeusi, ikakaushwa juu ya moto wa jikoni. Fundi akasema ni meza ya babu yake. Nikamuuliza babu yake alizaliwa lini. Hatukuagana vizuri.

Ya pili niliipata Kalembe leo asubuhi, kwa mjane mmoja aitwaye Mama Sifa, aliyekuwa akiitumia kuchambulia maharage. Miguu minene, droo moja, uso umelika kwa viwiko vya watu wengi. Nikapapasa kingo, nikakwaruza kwa ukucha, nikauliza maswali mpaka akachoka.

"Wee kijana," akasema, "unaoa hii meza ao unainunua?"

Nikainunua. Ikafungwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, ikafika kwetu salama. Mama akaitandika kitambaa chake alichoshona kwa mkono, kile kinachofika mpaka chini, akakataza mtu yeyote kuigusa, akarudi jikoni.

Shaka haikuniacha. Nilikuwa sijaangalia chini. Meza ya zamani kweli imeungwa kwa vijiti vya mbao, haina misumari. Nikawasha tochi ya simu, nikaingia chini ya kitambaa.

Nilikuwa bado kwenye mguu wa kwanza mlango ulipofunguka. Wageni, mapema kuliko tulivyowategemea. Papa Mudogo, mdogo wake Baba na msemaji wetu wa leo, akawakaribisha. Nikajiambia nitoke. Halafu nikafikiria nitakavyotoka: matako kwanza, mbele ya wakwe. Nikaamua kusubiri maombi, ili nichomoke watu wakiwa wamefumba macho. Maombi yakaanza. Nikainua kitambaa kidogo. Papa Rukara, msemaji wao, ni mtu anayeomba macho wazi. Nikarudi ndani.

Papa Mudogo akataka ng'ombe wanane. Wageni wakaguna. Hapo akafanya kama desturi inavyotaka: akawatoa wenyeji wote nje, ili wageni wabaki peke yao na kushauriana kwa siri. Mlango ukafungwa. Ndani wakabaki wageni, na mimi.

Mtu akitoka chini ya meza kabla ya neno la kwanza la siri, ni mjinga. Akitoka baada yake, ni mpelelezi. Nilikuwa bado napima tofauti hiyo (kusoma sana kuna hasara zake) Papa Rukara alipowaambia wenzake kwa sauti ya chini kwamba waanze na wanne, wapande taratibu, mwisho kabisa sita. Nikaziba masikio. Nilichelewa. Kiatu cha mtu kikanikanyaga vidole. Nikauma shati.

Huko nje Mama akagundua kwamba kaka wa bibi harusi haonekani. Akafanya ambacho mama yeyote angefanya. Akanipigia simu.

Simu yangu inaita kwa wimbo wa kwaya. Sauti nne, pamoja na ngoma.

Kitambaa kikainuka polepole. Uso wa Papa Rukara ukatokea.

"Weye njo nani?"

"Kaka ya Furaha, Papa."

"Na unafanya nini huku chini?"

"Naangalia kama meza iko ya zamani kweli."

Hakuna aliyecheka. Akafungua mlango, akawaita wenyeji. Mama aliponiona nikitoka (matako kwanza, hatimaye) alikaa sakafuni bila kutafuta kiti. Papa Rukara alikuwa ameshachukua kofia yake. Akasema, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele, kwamba nyumba inayoficha mtu chini ya meza inaweza kuficha mengine. Elie akaangalia viatu vyake. Furaha alisimama mlangoni na termosi ya maziwa. Nikaona ndoa yake ikijiandaa kuondoka pamoja na ile kofia.

Nikaapa kwamba sikusikia chochote.

"Nzuri," Papa Rukara akasema. "Basi haina shida. Sisi tulikuwa tunasema tu mwisho yetu ni ngombe tano."

Ndugu zangu, mnanijua. Siwezi kuacha kosa lipite. Nimeshatolewa darasani kwa ajili hiyo.

"Hapana, Papa," nikasema. "Mulisema sita."

Papa Mudogo akafunika uso kwa mikono yote miwili. Halafu Furaha, ambaye kwa desturi hana ruhusa ya kusema neno katika kikao kile, akaweka termosi juu ya meza.

"Papa, unisamehe. Mupelelezi gani anarudishia wenyewe siri yao? Huyu hakutumwa na muntu. Huyu iko hivi tangu utoto."

Papa Rukara akaniangalia muda mrefu, akitafuta ufa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa tena, na kofia ikarudi magotini. Mama hakumpa nafasi ya kubadili mawazo. Akamnong'oneza Papa Mudogo, naye akatangaza kwamba watano wanatosha, wa sita ni faini ya mtoto wetu.

Kwa hiyo Furaha anaolewa, na mimi nimeipotezea familia ng'ombe mmoja. Baba amepigiwa simu Walikale akaelezwa. Swali lake la kwanza lilikuwa meza ilinunuliwa bei gani.

Mama ameamua kwamba siku ya harusi nitakaa mstari wa mbele, mahali ambapo wakwe wanauona mwili wangu mzima. Anayetaka kucheka acheke leo, amalize. Siku hiyo nitahitaji nyuso za kawaida.