Kama Sauli Penye Mizigo

Jumatatu, 3 Machi
Mwaka wa thelathini na moja ugenini. Wa kumi na mbili nikiwa mwenyekiti wa jumuiya yetu sisi tuliohama. Jumapili ni uchaguzi. Mpinzani wangu ni fundi cherehani, mtu asiyeweza kumaliza hotuba bila kucheka. Mke wangu anasema watu wamenichoka, najiona mno. Mimi, kujiona! Nikamkumbusha kwamba kwetu nilikuwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hutembea hivi. Akasema hapa nafagia ngazi za benki, nitembee kama wafagiaji wenzangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma Maandiko tangu mchana. Sauli, siku ya kufanywa mfalme, alijificha penye mizigo. Watu wakakimbia kumtafuta, wakamtoa, wakamshangilia. Hakuomba kura hata moja. Hicho ndicho watu wanachotaka: unyenyekevu unaoonekana. Nyuma ya ukumbi wetu kuna stoo ya viti vibovu. Itafaa.

Alhamisi, 6 Machi
Toba kidogo, kutengeneza njia. Nilikwenda kwa fundi kumwomba radhi kwa kumwita kichwa cha pini mbele ya watu. Nilitubu kwa sauti ili wateja wake wasikie. Akanivutia kiti, akauliza goti langu linaendeleaje, kisha akashona upindo wa suruali yangu uliofumuka. Bure. Mtu hatari sana huyu.

Jumapili, 9 Machi
Niliingia stoo mapema, nikaketi nyuma ya viti. Katibu akauliza mwenyekiti yuko wapi. Nikatengeneza uso wa mtu asiyestahili. Bibi mmoja akasema labda anaumwa, masikini. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu kabisa, akasema basi leo tutawahi kutoka. Wakacheka. Hakuna aliyekimbia kunitafuta.
Wakanyoosha mikono. Shangwe zilikuwa kama za kwenye Maandiko, ila za fundi.
Watu walikuwa wengi, viti vikapungua. Aliyekuja kutafuta vingine ni mwenyekiti mpya mwenyewe. Alinikuta nimekumbatia magoti. Akaniuliza kwa sauti ya chini, mzee, kuna kitu umepoteza? Nikasema nakagua viti. Alinitazama, wala hakucheka. Akanipangusa vumbi mgongoni, akanishika mkono hadi mbele, akawaambia kwamba wakati sisi tunapiga maneno, mzee wetu alikuwa ndani akitukagulia viti. Wakapiga makofi. Kwa miaka yangu yote kitini sijawahi kupigiwa makofi marefu vile.

Jumatatu, 10 Machi
Mke wangu anasema yule amenisitiri, na uongozi ndio huo. Kama sitaki kujifunza, nirudi nilikokuwa mkubwa. Nimelifikiria hilo kweli. Waliokuwa wakisimama nikiingia darasani wamekuwa babu sasa, wengine wamefariki. Nyumbani mwetu wamo watu nisiowajua. Nani atasimama?
Jioni fundi amenipigia simu kuniomba nifundishe Maandiko kila Jumamosi, habari za kiburi na uongozi. Nimekubali kwa unyenyekevu. Nitaanza na Sauli: jinsi watu walivyomshangilia haraka, na jinsi Daudi, aliyestahili, alivyongoja zamu yake kimya. Sitamtaja mtu. Nitamtazama tu fundi.
Mke wangu nimemjibu: mwakani nagombea. Kwetu sitarudi.