Farasi Si wa Ridhaa

"Tulieni nyote! Na wewe Pweza, acha kupiga maji mateke, gazeti litalowa!"

Aliyefoka hivyo alikuwa Baroni, na hakuwa na nguo hata moja mwilini. Alikuwa karani wa kampuni ya meli pale bandarini Kobe, mtu wa kola ngumu na miwani, na kila jioni aliingia na gazeti lake hadi ukingoni mwa dimbwi la maji ya moto. Jina la Baroni alibandikwa siku aliyopeana mkono na nahodha Mwingereza. Tangu hapo, huo mkono ndio anaouosha wa mwisho.

Kijiwe cha mtaa wa Tsurumachi kilikuwa humo humo ndani ya bafu la mtaa, maji yakiwafika shingoni. Huko nje mtu angekuwa karani au mchuuzi. Humu ndani kila mmoja alikuwa na kitambaa kimoja tu, tena kakiweka kichwani.

"Soma basi, umekaa kama unahesabu mahari yako," alisema Pweza. Huyu alikuwa mtengeneza tofu, ile jibini ya soya, upara unang'aa, na akikaa kwenye maji ya moto kidogo tu anaiva mwekundu kichwa kizima. Hakuna aliyejisumbua kutafuta sababu ya jina lake.

Baroni akakohoa. "'Kamati ya Kombe la Mkoa imefuta ushindi wa timu ya Kamome ya Tsurumachi dhidi ya Chuo cha Biashara cha Ryokusen. Golikipa wa Kamome, Torazo, ni mvuta riksho. Kanuni za ridhaa haziruhusu mtu anayeishi kwa nguvu ya miguu yake kushindana na waungwana wanaocheza kwa mapenzi tu. Mechi itarudiwa Jumapili bila yeye.'"

Wote wakageuka kutazama kona ya dimbwi, mahali alipokaa Torazo mwenyewe, yule waliyemwita Farasi kwa kuvuta kigari cha abiria mitaani. Alishuka taratibu majini mpaka yakamfika puani.

"Nguvu ya miguu?" Pweza aliruka, maji yakamwagika hadi kwenye ndoo za watu. "Golikipa? Hebu nielezeni jamani, golikipa anadaka kwa miguu?"

"Kanuni ni kanuni," alisema Baroni. "Mvuta riksho anakimbia kutwa nzima. Hayo ni mazoezi ya kulipwa. Huko Uingereza..."

"Huko Uingereza ndiko walikokushika mkono ukapoteza akili! Kwa hiyo mtu akitaka kucheza mpira asifanye kazi?"

"Afanye, lakini kazi ya kukaa."

"Kama wewe."

"Kama mimi."

"Mbona basi siku uliyocheza winga ulitapika kabla ya mapumziko?"

Dimbwi zima likacheka. Baroni akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa kilicholowa, akaivaa ikiwa imechafuka zaidi.

"Halafu hao Ryokusen," Pweza aliendelea, "wanafunzi gani wale? Yule nahodha wao, Oba, ana masharubu kama mkia wa mbweha! Amerudia darasa la mwisho mpaka walimu waliomfundisha wamestaafu. Kila wakitaka kumfaulisha, kombe linakuja, wanamwangusha tena. Yule si mwanafunzi, yule ni fanicha ya shule!"

"Baba yake ana kiwanda cha nyuzi," alisema Baroni kwa heshima.

"Ahaa! Kwa hiyo anaishi kwa nguvu ya miguu ya wasichana wa kiwandani. Huyo ndiye wa ridhaa."

Torazo aliwasikia, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye Jumapili iliyopita. Mpira wa ngozi ulikuwa umelowa, mzito kama jiwe la kusagia. Dakika za mwisho, bao moja kwa bila, Oba alichomoka peke yake akaachia mkwaju, na yeye akaupokea kwa kifua, akaanguka nao kwenye tope. Kilichomkaa moyoni hakikuwa ushindi. Ni kwamba uwanja mzima ulipiga kelele, "Torazo! Torazo!" Miaka yote aliyovuta watu katika mji ule, jina lake lilikuwa "Wee, riksho!"

Ukuta uliotenganisha upande wa wanaume na wa wanawake haukufika darini, na sasa sauti ya mwanamke ikapaa juu yake.

"Baba watoto! Umo humo?"

"Nimo, Kinu," alijibu Torazo.

"Umesikia walichoandika?"

"Nimesikia."

"Basi toa pua majini. Wasije wakaandika na hilo, kwamba umezama kwa kulipwa."

Wanawake wa ng'ambo wakaangua kicheko. Torazo naye akainua kichwa, nusu akicheka, nusu akiumia.

Mlango ukasukumwa, akaingia bwana mmoja mnene, mgeni. Alikaa kwenye kigoda, akajisugua haraka haraka kama anayedaiwa, akajimwagia ndoo moja, kisha akateremka dimbwini akilalamika joto kimya kimya. Pweza alimtazama kwa jicho la pembeni, akamnong'oneza Baroni, na Baroni akaitikia kwa kichwa. Alikuwa Bwana Hikosaka, msimamizi wa mpira wa Ryokusen, ndiye aliyepeleka malalamiko kwenye kamati.

"Samahanini," alisema mgeni, "Bwana Torazo ni yupi kati yenu?"

Watu walitazamana. Bwana! Torazo akanyoosha mkono kama mtoto shuleni.

Hikosaka alimsogelea hadi ubavuni, maji yakipanda. "Bwana Torazo, nimekuja kiungwana. Jumapili ile ulitukatisha tamaa vibaya. Golikipa kama wewe hatujaona mkoa huu. Chuo chetu kingependa kukupokea."

"Kunipokea wapi?"

"Darasa la maandalizi. Kuanzia kesho wewe ni mwanafunzi. Utapewa sare, kofia, chumba chenye mkaa, chakula. Mkeo naye hatalala njaa. Huo si mshahara, usinielewe vibaya. Ni msaada wa masomo. Jumapili unasimama golini kwetu."

Pweza alimeza maji, akakohoa mpaka upara ukawa wa zambarau.

"Mimi sijui kusoma vizuri, bwana," alisema Torazo.

"Hata Oba hajui."

"Na miguu yangu? Gazeti linasema miguu yangu ina kasoro."

"Ukishavaa kofia ya chuo, kasoro haipo tena. Unakuwa wa ridhaa."

"Miguu ile ile?"

"Ile ile."

"Jamani!" Pweza alipiga maji kwa viganja. "Kumbe tunahangaika na miguu, kumbe kinachocheza ni kofia!"

Torazo hakucheka. Lile neno chumba chenye mkaa lilikuwa limempata. Majira ya baridi magoti yake yalilia kama kuni mbichi motoni, na mlima wa kwenda majumba ya Wazungu haukuwa ukipungua. Kinu alikuwa mjamzito tena. Alitazama mikono yake ndani ya maji. Hakuna aliyemharakisha; hata Baroni alikunja gazeti.

"Na hawa?" Torazo aliuliza hatimaye, akielekeza kidevu kwa wenzake. "Nani atawadakia?"

"Hilo si letu."

Sauti ya Kinu ikapaa tena juu ya ukuta. "Bwana wa chuo! Tumekusikia huku wote! Na mimi nitapewa kofia? Maana siku akiumwa, riksho naivuta mimi!"

Ng'ambo kukawa hakukaliki. Hikosaka alikuwa amesahau kwamba ukuta haufiki juu. Akasimama ghafla, akajifunika kitambaa kinachotosha nusu. "Fikiria hadi kesho," alisema kwa sauti ya chini. "Kwa sasa nivute mpaka stesheni. Mvua inanyesha."

"Twende," alisema Torazo.

Nje, Hikosaka alipanda chini ya paa la turubai, akauliza nauli.

"Leo bure, bwana. Si unanitaka niwe wa ridhaa?"

Akashika mikono ya riksho, akatimua mbio. Pweza na Baroni walitoka nyuma yao, mavazi yao ya pamba yakiwa wazi mapajani, viatu vya mbao vikigonga mawe, Baroni kajifunika gazeti kichwani. Walipofika njia panda Torazo akakata kulia.

"Stesheni ni kushoto!" alipiga kelele Hikosaka. "Wee, riksho! Kushoto!"

"Anayelipwa huenda anakotaka abiria!" Torazo alijibu bila kugeuka. "Wa ridhaa hukimbia anakotaka mwenyewe!"

Alikimbia kwa raha ambayo hakuwahi kuipata kazini, maji ya madimbwi yakiruka, abiria akishikilia pande zote mbili na kuita polisi. Hakusimama mpaka kwenye mgahawa wa samaki aina ya mikunga ulioko nyuma ya benki. Wazee wa kamati walikuwa wakila pale kila kikao, na jioni hiyo walikuwa nacho; Torazo alijua vizuri, kwa maana ndiye aliyezoea kuwarudisha makwao wakiwa wamelewa.

Aliutelezesha mlango ukafunguka, akainama hadi paji la uso likakaribia sakafu.

"Wakubwa samahani. Bwana Hikosaka wa Ryokusen ameniandikisha mwanafunzi jioni hii, nikamdakie Jumapili. Nimemleta awaulize kofia yangu iwe ya ukubwa gani."

Vijiti vya kulia vilibaki hewani. Mwenyekiti wa kamati alimeza kipande cha mkunga bila kutafuna.

"Hikosaka. Ni kweli haya?"

Hikosaka alikuwa mlangoni, amelowa kuliko alivyokuwa bafuni. "Ulikuwa utani tu, mwenyekiti. Mambo ya kwenye maji."

"Utani!" alifoka Pweza kutoka barabarani, akihema. "Mtaa mzima umesikia, na wake zetu pia! Chumba chenye mkaa ni utani?"

Gazeti la asubuhi iliyofuata halikuandika lolote kuhusu mikunga wala kofia. Liliandika kwamba Ryokusen wamejitoa kwenye marudio kwa sababu wanafunzi wao wanakabiliwa na mitihani. Bafuni Baroni alisoma sentensi hiyo mara mbili, maana mara ya kwanza kicheko hakikumruhusu kumaliza. Kamome wakaingia fainali. Kanuni, hata hivyo, ilibaki pale pale: mvuta riksho marufuku. Watu waliposikia hilo walimgeukia Torazo, naye akasema tu kwamba maji leo yana joto zaidi.

Golini wakamweka Pweza, kwa kuwa alikuwa na mikono mipana ya kubeba tofu. Torazo alisimama nyuma ya wavu siku ya fainali, koti lake la kazi mwilini, akipiga kelele mpaka koo likakauka. "Kushoto! Kushoto kwako Pweza, siyo kwangu! Toka! Usitoke! Sasa mbona umelala?" Walifungwa mabao tisa na shule moja ya ualimu. La tisa lilimpitia Pweza katikati ya miguu akiwa anamwuliza Torazo swali.

Baada ya filimbi Pweza hakuweza kutembea. Alichechemea hadi kwenye riksho ya Torazo, tope mpaka kwenye upara, akajitupa kitini kama gunia.

"Nipeleke nyumbani, ndugu yangu. Nimekufa."

Torazo alinyanyua mikono ya riksho, kisha akaishusha tena chini.

"Lipa kwanza."

"Mimi? Pweza wako? Yule mnene ulimvuta bure!"

"Siku ile nilikuwa bado nina kesi," alisema Torazo, akinyoosha kiganja. "Sasa kamati imeshaamua. Mimi ni wa kulipwa."