Kizibo cha Boti na Heshima ya Jimbo

Jumatatu, 4 Mei
Mwanangu Hattie anaota jino. Sijalala. Na jimbo zima linanitegemea! Alhamisi, kule St. Paul, makao makuu ya jimbo, kamati ya Seneti inasikiliza mswada wa kufunga viteremko vidogo vya kushushia boti. Eti sisi wa boti za Jumamosi tunahamisha magugu ziwa hadi ziwa. Kiteremko chetu kimo orodhani. Kikifungwa, sisi tusio na nyumba ufukweni tutaiangalia boti ya marehemu baba ikiozea uani. Hattie wangu asijue kuvua? Thubutu! Marlys, mwenyekiti wa chama chetu cha wenye boti, anataka tuwapigie maseneta simu, kwa adabu. Simu! Na tuwapelekee vikeki vyake vya limau.

Jumanne, 5 Mei
Nimepata! Nitawapelekea boti yenyewe, hadi mlangoni pa bunge. Waone usafi wetu. Soren, mume wangu, akauliza kama nimelala walau kidogo. Nikamwambia atalala yeye. Nimeisugua mpaka inang'aa.

Jumatano, 6 Mei
Nimeijaribu ziwani, injini isije ikaniaibisha. Hattie kacheka kila nilipokata kona. Kisha njaa, kilio! Nikaivuta juu ya trela haraka, tukaondoka.

Alhamisi, 7 Mei
Kichwa juu. Nikasimama mbele ya kamati, Hattie kifuani, nikatangaza kwamba sisi hatuhamishi hata jani. Nikawakaribisha nje wahakikishe. Wakaja! Magugu yananing'inia chini ya trela kama ndevu. Askari wa maliasili akainama, akauliza kwa upole kama mama ameng'oa kizibo cha chini ya boti, cha kutolea maji, maana sheria inataka boti ikiwa barabarani iwe imemwagwa maji yote. Mama hakung'oa. Akaking'oa yeye. Ziwa likamwagikia viatu vya mwenyekiti wa kamati. Faini papo hapo. Hattie akapiga makofi. Marlys, aliyekuja na vikeki vyake, akaninong'oneza: mwanangu, angalau vikeki havivuji.

Ijumaa, 8 Mei
Mswada umetupwa! Badala ya kufunga viteremko, watajenga sehemu za kuoshea boti. Marlys anasema simu zake ndizo zilizofanya kazi. Soren kaniambia nimshukuru mama wa watu. Nimemshukuru, kwa kifupi. Lakini nani angewaza kuosha boti kama asingeziona zile ndevu?

Jumamosi, 9 Mei
Msimu wa kuvua umefunguliwa. Foleni kiteremkoni, wote wananipungia mkono. Nilisimama wima botini, Hattie na jaketi lake la kuokolea, nikawahutubia juu ya sheria. Mara soksi zinalowa. Kizibo! Kipo salama nyumbani, mkobani, tangu Alhamisi. Si nilikatazwa kukiziba barabarani? Marlys akapaza sauti toka gatini nimpe mtoto kwanza, kisha mimi nizame nikipenda. Maji yenyewe ya magotini!

Nimekaa gatini nakausha miguu, nala keki yake. Tamu. Hatosikia kwangu. Kiteremko chetu kiko wazi, watoto wamejaa, na mimi ndiye niliyekiokoa. Nimeshaamua: mwezi ujao naialika kamati nzima ziwani. Ndani ya boti yangu.