Magonjwa Matatu ya Skuta Yangu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku kubwa nyumbani kwetu! Mikate ya mke wangu Benedicta imekubaliwa lojini, ile ya njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Madamu Anneth, msimamizi wa jiko, ameonja na kusema anataka mikate arobaini kila alfajiri, ya kuweka kwenye lanchiboksi za wageni wanaoshuka kreta. Benedicta ameoka miaka tisa akingoja neno hilo. Amelia kidogo. Na mimi pia, ila nimesingizia moshi.

Sharti ni moja. Chombo kitakachopeleka mikate kiwe kimekaguliwa na kina stika ya mwaka huu. Mwisho Jumamosi. La sivyo watatafuta mwokaji mwingine, maana wageni hawawezi kukaa na njaa eti chombo kimezima njiani.

Chombo tunacho. Skuta yangu ya bluu, niliyoachiwa na Mjerumani mmoja aliyekuwa akifundisha hesabu hapa Karatu. Inakohoa, lakini inafika. Benedicta akaniambia, Baba Angel, nimekuomba jambo moja tu mwaka huu, ipeleke kwa fundi. Nikaipeleka. Fundi Inosenti kaizunguka mara moja tu na kutaja magonjwa matatu. Tairi la nyuma kipara. Breki ya nyuma imeisha. Taa ya breki haiwaki. Kazi ya nusu siku, kasema, iache hapa uje jioni.

Niiache! Mimi Melkizedek, dalali wa mnadani, mwaka wa kumi na moja huu! Niliyemuuza ng'ombe mwenye jicho moja kwa mtu mwenye macho mawili! Mnadani hakuna anayemtibu ng'ombe kwanza ndipo amuuze. Unamlambisha chumvi, anakunywa maji mpaka tumbo linajaa, unampaka mafuta kwenye pembe, basi. Mnunuzi anaona afya. Na mkaguzi naye ni mnunuzi tu, ila amevaa sare.

Nimemweleza Benedicta mpango. Akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamjibu ingekuwa hivyo madalali wote tungekufa njaa. Hakucheka. Aliyecheka ni jirani yetu Joel, aliyekuwa akifuta pikipiki yake ng'ambo ya uzio. Huyo hufuta pikipiki hata kabla ya kuswaki.

Jumanne, 4 Machi

Tairi leo. Ugonjwa wa kwanza, kwisha habari yake!

Nilichukua kisu cha jikoni, nikakichoma kwenye mkaa mpaka kikawa chekundu, nikachonga meno mapya kwenye kile kipara. Kazi safi sana. Mistari ya kushoto, mistari ya kulia, na katikati nikaweka ua, kwa urembo tu. Nikakifuta kisu kwenye suruali, nikakirudisha mahali pake. Hakuna aliyeona.

Saa nane mchana, balaa. Kumbe kisu kile ndicho cha kukatia mikate. Benedicta alikata sampuli ya mikate sita, akampa dereva wa lojini. Madamu Anneth akapiga simu kuuliza kwa upole kama siku hizi tunakandia unga gereji. Benedicta aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Madamu akasema sawa, kosa moja linasameheka, la pili hapana.

Benedicta amekinusa kisu. Kisha akaninusa mimi. Chai yangu ya jioni haikuwa na sukari.

Joel, huko uani kwake, ameuliza kwa sauti kama mkate wa tairi unaliwa na chai au na upepo.

Jumatano, 5 Machi

Taa ya breki. Inosenti anasema balbu imeungua, weka nyingine. Balbu! Mafundi hawana ubunifu. Nilifungua kifuniko nikaona nyaya nne, nikaziunganisha kwa akili yangu mwenyewe, kijani na nyekundu, kwa kuwa zilifanana na bendera fulani.

Matokeo. Nikishika breki, honi inalia. Nikipiga honi, injini inazima. Indiketa ya kushoto inawaka yenyewe na haitaki ushauri.

Nimekaa nikatafakari. Taa ya breki kazi yake nini? Kumjulisha aliye nyuma kwamba unasimama. Na honi je, si inamjulisha? Inamjulisha hata kipofu! Kwa hiyo nimeboresha. Ugonjwa wa pili umepona.

Nilikwenda nayo mpaka kijiji cha Qurus kuijaribu. Kila nilipofika mteremko nikashika breki, honi ikalia, skuta ikaendelea na safari zake. Nimesimama kwa kutumia miguu. Soli ya kiatu cha kulia imebaki huko. Akina mama waliokuwa wakipalilia maharage walinipungia mkono kwa kuwa walidhani nawasalimia. Nikawapungia na mimi. Adabu ni adabu.

Benedicta ameuliza inaendaje. Nimesema magonjwa mawili yamepona kati ya matatu. Ameuliza ni Inosenti aliyesema hivyo? Nikasema Inosenti ana kazi nyingi.

Alhamisi, 6 Machi

Ugonjwa mpya umezuka. Tangu safari ya Qurus giaboksi inanguruma kama mashine ya kusaga. Sikuhangaika. Sisi watu wa Rombo dawa yake tunaijua, tena inaota nyuma ya nyumba. Ndizi mbivu! Marehemu mjomba alishindilia ndizi kwenye giaboksi ya lori lake bovu, likapita mjini Himo kimya kabisa, akaliuza siku hiyo hiyo. Ndizi moja moja, unaponda, unasukuma kwa kidole kwenye tundu la oili. Zimeingia saba.

Kimya! Skuta inapita kama paka! Nilimwita Inosenti aje asikilize. Akasikiliza, akauliza nimefanya nini, nikamwambia. Akavua kofia. Akasema la kuvunda halina ubani, na akaniomba nisimtajie mtu yeyote kwamba tunafahamiana.

Wivu. Breki bado, lakini breki ni jambo la mwendo, na skuta ikiwa imesimama haihitaji breki. Mkaguzi nitamshika kwa maneno asifike huko. Benedicta ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia mama Angel, lala usingizi, kesho jioni stika iko mkononi mwako.

Ijumaa, 7 Machi

Leo mnada, na kwa mara ya kwanza tangu nianze udalali sikwenda. Nilikwenda kwenye ukaguzi.

Asubuhi niliipaka skuta mafuta ya kupikia mwili mzima. Iling'aa mpaka nikajiona uso. Kosa dogo. Mvua bado haijakolea, barabara ni vumbi tupu, na vumbi letu hapa na mafuta ni ndugu. Nimeondoka nyumbani na skuta ya bluu, nimefika uwanjani na skuta nyekundu. Kadi inasema bluu.

Joel alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Dakika nne tu, kapewa stika, akaegesha pikipiki pembeni na kukaa juu ya jiwe kunitazama. Hana kazi mtu huyu?

Mkaguzi ni Sajenti Hhando, mtu wa Buger, mrefu, maneno yake ya kuhesabu. Nikamwamkia kwa heshima zote, nikaanza kusifia chombo. Hakukigusa. Aliweka mikono nyuma akawa ananitazama mimi. Akaja kulia, nikahamia nyuma. Akaenda mbele, nikabaki nyuma. Akaniomba nisogee hatua mbili. Nyuma yangu, taa ya breki. Akaandika. Nikajikuta nimesimama kulikinga tairi. Akaniomba nisogee. Akaliangalia lile ua kwa muda mrefu, akauliza nani kalichonga, nikasema limetoka hivyo hivyo kiwandani. Akaandika. Nikaegemea giaboksi. Akanusa. Akanusa tena. Akauliza ni nani anayepika mtori wa ndizi hapa karibu. Nikasema labda kwenye zile nyumba. Mtori wenyewe ukaanza kuchuruzika juu ya kiatu chake.

Akasema niendeshe mpaka kwenye pipa, nishike breki. Jamani! Nilishika. Honi ikalia vizuri sana. Pipa likapita. Mama muuza chai akapita, yaani mimi ndiye niliyempita. Nikapiga honi kumwonya Joel, injini ikazima, lakini mteremko haukuzima. Nikasimama kwa msaada wa pikipiki ya Joel. Indiketa yake mpya ikadondoka chini. Hilo ndilo jambo pekee lililonifurahisha leo.

Karatasi ina makosa kumi na manne. Jumatatu yalikuwa matatu. Kumi na moja nimeyaleta mwenyewe.

Wakati ananikabidhi, Afande Hhando alisema chombo cha dalali hakina haja ya kukaguliwa. Kasema miaka minane iliyopita baba yake alinunua ng'ombe mnadani, wa kutoka Malambo, kwa dalali mmoja mwenye maneno mengi aliyegoma kabisa kutoka upande wa kushoto wa kichwa cha ng'ombe. Walipofika Buger, ng'ombe akagonga nguzo ya zizi. Tangu siku hiyo mzee amewafundisha wanawe wote, usimtazame ng'ombe, tazama dalali kasimama wapi.

Nikasema mzee ana hekima. Nikasema kweli madalali wengine hawana haya. Akatazama nimesimama wapi. Nikaona ni vizuri nisukume skuta nirudi nyumbani.

Benedicta aliisoma karatasi mara mbili amesimama kando ya tanuri. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya gunia la unga akasema miaka tisa, Baba Angel. Basi. Nilitamani anitukane. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Kisha akanyoosha mkono, nikampa ufunguo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka skuta haipo, Benedicta hayupo. Nimekaa mlangoni asubuhi nzima kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Saa saba mchana nikasikia injini. Haikohoi! Uani akaingia mke wangu, ameikalia mwenyewe, kofia kichwani, stika mbele inang'aa. Nikamuuliza tangu lini anajua kuendesha. Tangu mwaka jana, kasema. Leseni anayo tangu Agosti. Alikuwa akijifunza siku za mnada, mimi nikiwa kwenye ng'ombe. Aliyemfundisha ni Joel. Kumbe ndiyo maana jamaa hucheka!

Kwa Inosenti walianza saa kumi na mbili. Tairi, breki, taa, nyaya zote upya. Ndizi zilitolewa kwa kijiko. Kwenye ukaguzi Afande Hhando alimuuliza shida ya chombo iko wapi. Benedicta akamwonyesha mwenyewe, akasema kioo hiki cha pembeni kinalegea kidogo. Afande akatoa spana mfukoni, akakikaza, akabandika stika. Dakika tano. Akampa na salamu zangu, kutoka kwa mzee wa Buger.

Benedicta akanimiminia chai. Ina sukari. Akasema hana hasira, amechoka tu kunikuta kila siku nimesimama upande wenye ubovu, angependa siku moja nisimame upande wake. Maneno hayo yameniingia. Naandika kwa herufi kubwa nisisahau: NIMEJIFUNZA.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza ya mikate! Benedicta ameondoka saa kumi na moja alfajiri, ukungu umetanda, mikate arobaini ndani ya kreti nyuma yake. Alishika breki pale kona na taa ikawaka nyekundu, safi. Nilisimama barabarani mpaka ikapotea. Nilipiga makofi. Madamu Anneth amepiga simu, amefurahi, wageni wamekula kreti nzima.

Kazi yangu sasa ni kulinda tanuri. Kazi ya heshima. Tanuri ni moyo wa biashara yote, na Benedicta kaniachia mimi. Madamu amesema pia kwamba Alhamisi bwana afya atapita kukagua mahali tunapookea. Hakuna wasiwasi. Pamefagiliwa, pamepakwa chokaa.

Ila tanuri lina ufa. Upande wa kushoto wa mlango, urefu wa mkono, majivu yanapenya. Benedicta amesema nikande udongo na majani makavu niuzibe leo hii, kazi ya nusu saa. Akaongeza, jambo moja tu, Baba Angel.

Nusu saa! Na udongo ulivyo baridi leo! Tena tanuri si skuta. Halitembei. Bwana afya hawezi kusema liendeshwe mpaka kwenye pipa. Nimepima kwa makini, nimejaribu mara tatu. Nikisimama hapa kushoto, nimeshika sinia, kiwiko nje kidogo, ufa hauonekani kabisa.