Transfert ya Anwani za Marehemu Mwalimu Jéthro

Bwana Bourgmestre, mkubwa wa mji wetu wa Vulamba, Mapadri, Wachungaji, Machifu wenye ardhi, Wakubwa wa jeshi ambao mumekubali kuacha bunduki mlangoni, Wamama wa soko, na wewe unayeshika batri ya kipaza sauti, usiichomoe: mimi Paulin Kamate, Chef de Division, yaani mkuu wa idara ya Posta, Phonie ya redio, Anwani na Mambo Yasiyoonekana, ninawasalimia kwa jina la Mouvement, waasi wa jana na serikali ya leo hapa kwetu! (Makofi ya askari.)

Mnamo mwaka 1992, kabla ya vita, Chuo cha Ufundi cha hapa kwetu kilipewa bloc, fungu zima la anwani za internet 65,536, yaani namba ambazo kwazo kompyuta moja hutafuta nyingine, na kilipewa bure, bila mkataba, wakati sheria zilikuwa bado hazijaandikwa. Aliyeomba ni Mwalimu Jéthro, na jina lake liko katika daftari kuu la ng'ambo mpaka leo, ingawa chuo kiliporwa hata misumari, na yeye mwenyewe alituacha kwenye barabara ya Kanyabayonga. Donc, kwa hiyo, division yangu, baada ya mikutano kumi na saba na mafanikio ya asilimia mia moja na nne, imeamua transfert: anwani zitoke chuoni, ziingie kwa Mouvement, jina la marehemu lifutwe, na langu liandikwe. (Mama Florentine, mjane wa Mwalimu, anasimama.)

Mama, ikala, kaa chini. ("Siikale, Chef! Sheria inasema mutu anatoa ndiye anasinya karatasi. Ulimuuliza?")

Mama, transfert ilifuata desturi yetu ya mashamba, hatua kwa hatua: mbuzi alipelekwa kwa chifu, miti ya mpaka ilipandwa kuzunguka bureau yangu ya kazi, majirani walishuhudia, na mbuzi akaliwa. ("Maini ulikula weye peke yako!" anapaza sauti mmoja wa wamama wa soko. Kicheko kirefu.)

Kwa bahati mbaya, barua ya wenye daftari kule ng'ambo, iliyoletwa na mchuuzi kupitia Kamango, inasema kwamba wao hawatambui mbuzi. Wanataka fomu ya mwenye bloc, na fomu hiyo itumwe kwa internet. Msihangaike! Kompyuta ya Mouvement iko Beni. ("Ile ni televizyo, Chef! Tuliiona!" wanasema wamama wa soko.) Ni televizyo kwa sasa.

("Donc jina ya bwana yangu inabaki?")

Katika kipindi hiki cha mpito, Mama… inabaki. (Mama Florentine anaikala. Anafungua pindo la kitenge, anatazama kipande cha penseli ambacho Mwalimu alizoea kukiweka nyuma ya sikio na kukitafuta nyumba nzima. Anakifunga tena.)

Mouvement oyé! (Oyé!) Division oyé! (Oyé kidogo.) Transfert oyé! (Mbuzi mmoja tu analia nje.)

Namaliza kwa kumshukuru Mwalimu Jéthro, ambaye anaendelea kutushikia anwani zetu mpaka siku division yangu itakapopata kompyuta, waya, umeme, na mtu wa kunieleza internet ni nini. Aksanti.